Kirsty Coventry na swali la Mwanza: maji tunayo, bingwa yuko wapi?

Tangu Machi 2025, Kirsty Coventry alipochaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, jina lake halikosekani watu wa Mwanza wanapojadili michezo, na mara nyingi mambo huchanganywa. Wapo wanaoamini amekuwa rais wa chama cha kuogelea cha dunia. Wapo wanaosema ana medali saba za dhahabu. Na wapo wengi, hasa Kirumba na Igombe ambako watoto hujirusha majini kabla hata ya kuanza shule, wanaouliza swali linalouma: Zimbabwe haina bahari, sisi tumekaa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, sasa imekuwaje bingwa akatoka Harare na si hapa?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu jibu linalotolewa vijiweni, kwamba sisi hatuna kipaji au miili yetu haifai, si kweli na linawaumiza watoto. Ila halijibiki bila kwanza kuyaweka sawa hayo mengine mawili.

Urais kwanza, kwa kifupi. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, yenye makao Lausanne, Uswisi, ndiyo mwenye Michezo ya Olimpiki. Haitungi kanuni za kuogelea wala haithibitishi rekodi. Hiyo ni kazi ya shirikisho la dunia la kuogelea, World Aquatics, ambalo hadi mwanzoni mwa 2023 lilikuwa likiitwa FINA. Wanachama wa kamati nao si nchi, tofauti na FIFA ambako kila shirikisho la taifa lina kura yake. Ni watu mmoja mmoja, mia moja na ushei, na ndio wanaopiga kura. Tarehe 20 Machi 2025, huko Ugiriki, Coventry alipata kura 49 kati ya 97 katika duru ya kwanza mbele ya wagombea wengine sita, akiwemo Sebastian Coe wa Uingereza, bingwa wa zamani wa mita 1500. Arobaini na tisa ndizo hasa zilizohitajika; ingepungua moja, wangeingia duru ya pili. Alimpokea Thomas Bach wa Ujerumani tarehe 23 Juni mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 41. Ni mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho tangu kamati ilipoanzishwa mwaka 1894, na muhula wake ni wa miaka minane.

Kabla ya hapo, tangu 2018, alikuwa waziri wa michezo wa Zimbabwe, na ni wakati wa uwaziri wake, mwaka 2022, FIFA ilipoifungia nchi hiyo kwa madai ya serikali kuingilia uendeshaji wa soka. Wanaomsifu hupenda kuiruka sehemu hii. Sioni haja ya kuiruka, ila aliyoyafanya majini yanasimama yenyewe.

Coventry alizaliwa Harare tarehe 16 Septemba 1983. Alikwenda Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akafika nusu fainali ya mita 100 mgongo. Hapa nieleze maneno, maana bila hayo mengine yote yatapita hewani. Kuogelea kwa mashindano kuna mitindo minne. Upo mtindo huru, ambao karibu kila mtu huutumia kifudifudi akizungusha mikono kwa zamu. Upo wa mgongo, yaani kuogelea chali. Upo wa kifua, na upo wa kipepeo ambao mikono yote miwili huruka juu ya maji kwa pamoja. Pia kuna mbio ambazo muogeleaji mmoja hutumia mitindo yote minne kwa zamu: kipepeo, mgongo, kifua, kisha huru. Coventry alikuwa bingwa wa mgongo, na katika hizo za mitindo minne alikuwa miongoni mwa bora duniani. Bwawa la Olimpiki lina urefu wa mita 50, kwa hiyo mbio za mita 200 ni kwenda na kurudi mara mbili.

Baada ya Sydney alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama. Hatua hii husimuliwa kwa sentensi moja tu, nami naona ndiyo kiini cha yote. Vyuo vikuu vya Marekani vina timu za kuogelea zenye mabwawa yao, makocha wa kulipwa na ratiba ya mashindano ya mwaka mzima. Binti aliyekuwa tayari anajua kuogelea vizuri aliingia mahali ambapo kila siku alikutana na watu wenye kasi kama yake au zaidi, na kila mzunguko ulipimwa kwa saa.

Matunda yakaonekana Athens mwaka 2004: dhahabu ya mita 200 mgongo, fedha ya mita 100 mgongo, shaba ya mita 200 mitindo minne. Kufikia siku ile, Zimbabwe ilikuwa na medali moja tu ya Olimpiki katika historia yake, dhahabu ya timu ya wanawake ya mpira wa magongo iliyopatikana Moscow mwaka 1980. Michezo hiyo hiyo ya Moscow ndiyo iliyoipa Tanzania medali zake mbili za fedha, ambazo hadi leo hazijapata mwenzake: ya Filbert Bayi katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5000. Nyambui ni mzaliwa wa Majita, Musoma. Kwa hiyo ufuko wa ziwa hili umeshatoa mtu wa jukwaa la Olimpiki, ila alifika huko kwa miguu.

Mwaka 2008, Beijing, ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea. Katika nusu fainali ya mita 100 mgongo Coventry aliogelea kwa sekunde 58.77. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia. Hadi siku hiyo hakuna mwanamke aliyewahi kuwa na kasi hiyo. Fainali ilipofika, Natalie Coughlin wa Marekani alitumia sekunde 58.96, Coventry 59.19. Dhahabu ikaenda kwa Coughlin, rekodi ikabaki kwa Coventry. Nimesikia watu wakidai hapo alidhulumiwa. Hakudhulumiwa. Rekodi ni muda bora kuliko wote uliowahi kuogelewa katika shindano linalotambuliwa, uwe wa mchujo, nusu fainali au fainali. Medali ni ya aliyegusa ukuta kwanza katika fainali, siku hiyo, basi. Angerudia tu muda wake wa nusu fainali angemwacha Coughlin kwa sekunde 0.19, lakini hakuurudia. Mwili haufanyi kila siku kile ulichokifanya jana, ndiyo maana waogeleaji wakubwa hupanga miezi mingi ya mazoezi ili kilele cha nguvu kiangukie saa ya fainali.

Katika mbio za mitindo minne alikutana na Stephanie Rice wa Australia. Mita 400: Rice dakika 4 na sekunde 29.45, Coventry 4 na 29.89. Mita 200: Rice dakika 2 na sekunde 8.45, Coventry 2 na 8.59. Tofauti ya mbio hizo za pili ni sekunde 0.14. Kwa kasi waliyokuwa nayo, hiyo ni sentimita 22 hivi, shubiri moja ya mtu mzima baada ya mita 200. Jicho la mwamuzi haliwezi kuipima. Ukutani kuna ubao unaohisi mguso wa mkono na kusimamisha saa yenyewe, mpaka sehemu ya mia ya sekunde.

Dhahabu yake ya Beijing ilikuja kwenye mbio zake halisi, mita 200 mgongo, dakika 2 na sekunde 5.24, rekodi ya dunia tena. Hapo ukihesabu Athens na Beijing pamoja unapata dhahabu 2, fedha 4 na shaba 1. Hizo ndizo medali saba. Kati ya medali nane ambazo Zimbabwe imewahi kupata kwenye Olimpiki, saba ni za mtu huyu mmoja.

Jambo moja kuhusu hizo saba halitajwi vya kutosha: zote ni za mbio za mtu peke yake. Michael Phelps wa Marekani ana medali 28, na 12 kati ya hizo alizipata kwenye mbio za kupokezana, ambako waogeleaji wanne huunganisha nguvu. Simpunguzii Phelps hata chembe. Hizo 16 za peke yake zinatosha kumweka juu ya wote. Ninachosema ni kwamba ili ushindanie medali ya kupokezana, nchi yako lazima iwe na watu wanne wa kiwango cha dunia kwa wakati mmoja. Coventry hakuwa nao.

Mwaka uliofuata, Roma 2009, alivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 200 mgongo kwa dakika 2 na sekunde 4.81. Ilikuwa enzi ya mavazi maalumu ya kuogelea, yaliyobana mwili na kusaidia kuelea, na kuanzia Januari 2010 yalipigwa marufuku. Wapo waliosema rekodi za wakati huo hazitaguswa kwa miaka mingi. Ya Coventry ilidumu mpaka London 2012 tu, Missy Franklin wa Marekani alipotumia dakika 2 na sekunde 4.06 akiwa na vazi la kawaida la kitambaa. Katika fainali hiyo Coventry alikuwa wa sita. Alikuwa wa sita tena Rio 2016, Olimpiki yake ya tano, kisha akastaafu.

Sasa turudi kwenye ziwa letu.

Maji yana uzito karibu mara 800 ya hewa. Mkimbiaji mwenye mtindo mbaya lakini mapafu mazuri anaweza kufika mbali. Muogeleaji hawezi, kwa sababu kila kosa la mkao linalipiwa papo hapo. Wavuvi wetu wanalijua hili kwa mikono yao. Mtumbwi uliopakiwa mzigo wote nyuma, pua ikainuka na tako likazama, utaupiga kasia mpaka mabega yaume na bado unajivuta. Upange mzigo vizuri ukae sawa juu ya maji, na kasia lile lile linakupeleka. Mwili wa binadamu ni hivyo hivyo. Mtoto aliyejifunza mwenyewe mwaloni huogelea kichwa kikiwa juu, tena ana sababu nzuri: anaangalia wimbi, mtumbwi unaokuja, wenzake. Lakini kichwa kikiinuka, kiuno na miguu hushuka, na nguvu nyingi huishia kuburuta maji. Wale vijana wa Igombe tunaowaona wakikata maji kwa kishindo wana nguvu kweli kweli. Nguvu hiyo haijapangwa.

Na mbio za bwawani zimejaa mambo ambayo ziwa haliwezi kuyafundisha. Chukua mgongo, mbio za Coventry. Muogeleaji yuko chali, haoni aendako. Mita tano kabla ya ukuta, juu ya maji, hutundikwa kamba ya bendera ndogo ndogo. Akiziona zinapita juu ya uso wake anaanza kuhesabu mikono, na hesabu hiyo ameirudia mazoezini mara nyingi kiasi kwamba anajua ni mkono wa ngapi ageuke kifudifudi, ajipindue, asukume ukuta kwa nyayo. Akikosea kwa mkono mmoja anagonga kichwa au anasukuma hewa. Baada ya kusukuma anakwenda chini ya maji akipiga miguu yote miwili pamoja, na kanuni zinamruhusu kufika mita 15 kabla kichwa hakijatoka. Katika mita 200 hufanya hivyo wakati wa kuanza na kwenye mageuzo matatu. Sehemu kubwa ya ushindi iko hapo, ukutani na chini ya maji, na ziwa halina ukuta.

Hivyo ndivyo nchi isiyo na bahari ilivyomtoa bingwa. Harare ina mabwawa mengi, ya shule na ya nyumba za watu wenye uwezo, na Coventry alikulia katika mazingira hayo, akiwa mtoto wa Kizungu katika nchi ambayo mabwawa hayo hayakugawanywa sawa. Kulisema hilo hakumpunguzii kitu. Kunatusaidia kuona kwamba aliyekuwa na bwawa alipata nafasi ya kujua kama ana kipaji, na asiyekuwa nalo hakuipata.

Wengine huruka hapo hapo na kusema basi hilo ni suala la rangi, kwamba mifupa ya mtu mweusi ni mizito na maji hayamtaki. Nalichukia dai hili. Mwaka 1988, Seoul, Anthony Nesty wa Suriname, kijana mweusi, alishinda mita 100 kipepeo mbele ya Matt Biondi wa Marekani kwa sekunde 0.01, akitoka katika nchi iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50. Mwaka 2016, Rio, Simone Manuel, Mmarekani mweusi, alipata dhahabu ya mita 100 mtindo huru, akigusa ukuta sawa na Penny Oleksiak wa Canada kwa sekunde 52.70. Hizo ni mbio ambazo mifupa mizito ingewazuia kabisa, kama dai lingekuwa na ukweli. Kinachowatofautisha watu wazima wanaoelea na wanaozama, mara nyingi, ni nani alifundishwa akiwa mdogo.

Inafaa pia kujua kwamba ziwa lina mashindano yake. Tangu 2008 Olimpiki ina mbio za kilomita 10 za maji ya wazi, baharini, mtoni au ziwani, bila kamba za njia. Oussama Mellouli wa Tunisia alizishinda London 2012, baada ya kushinda mita 1500 za bwawani miaka minne kabla. Nikisikia hivyo hata mimi najiuliza kwa nini Mwanza isianze na hizo. Tatizo ni kwamba hata hao wa maji ya wazi hufanya mazoezi yao mengi bwawani. Na ufuko wetu una kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama au kuogelea kwenye maji ya pembeni, na huwa vingi zaidi jua likiwa kali mchana. Dawa ipo, praziquantel, na hugawiwa mashuleni, lakini anayerudi majini kesho yake anaweza kuambukizwa upya. Ukiongeza mamba na viboko kwenye baadhi ya fukwe, utaelewa kwa nini huwezi kumwambia kocha apeleke watoto kumi na wawili ziwani alfajiri mara sita kwa wiki.

Hapo kuna mambo mawili ambayo naomba tusiyachanganye. Moja ni kutengeneza bingwa. Jingine ni kila mtoto wa ufukoni kujua kuelea, kugeuka chali, kupumua na kujivuta hadi nchi kavu. Hili la pili halihitaji bwawa la Olimpiki; linahitaji mwalimu, sehemu iliyochaguliwa vizuri na jaketi okozi. Watu wa kanda hii hatuhitaji kukumbushwa. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikaondoka na mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imekaribia kabisa gati la Ukara, wakafa 228. Kujua kuogelea kusingemwokoa kila aliyenaswa ndani ya meli, hilo lazima lisemwe kwa heshima ya waliokufa. Lakini mitumbwi hupinduka huku kila mwaka bila kuandikwa gazetini, na katika ajali za namna hiyo dakika chache za kuelea zinaweza kutosha mpaka mwenzako akufikie.

Kuhusu bingwa, njia ipo na si ya siri. Ili kufuzu Olimpiki, muogeleaji lazima afikie muda uliowekwa kwa kila mbio, katika shindano linalotambuliwa. Nchi isiyo na aliyefikia muda huo inaweza kupewa nafasi ya kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ili mchezo usiwe wa mataifa machache. Kwa hiyo muogeleaji wetu anapotoka kwenye mchujo wa kwanza, kama ilivyokuwa London, Rio na Paris, asitukanwe. Huenda ameogelea muda bora wa maisha yake, pembeni ya watu waliokuwa na bwawa la mita 50 tangu utotoni.

Mwanza ina mabwawa machache ya hoteli na ya shule binafsi, na wapo watoto wanaofundishwa humo vizuri. Kinachokosekana ni bwawa ambalo mtoto wa Igogo au wa mwaloni ataingia bila ada ya shule ya gharama. Si lazima liwe la mita 50. Mita 25 zinatosha kufundisha mkao, mageuzo na kuhesabu mikono, na mashindano mengi duniani huogelewa kwenye mabwawa ya urefu huo. Liwe na kamba za njia, bendera za mita tano, kocha mwenye saa na daftari la kuandika muda wa kila mtoto kila mwezi. Halmashauri za Manispaa ya Ilemela na Jiji la Mwanza zina viwanja vya shule za msingi, zina wavuvi waliokulia majini wanaoweza kusomeshwa ualimu wa kuogelea, na zina watoto ambao hata sasa, jua likizama, wako majini pale Kirumba.